Mwaka wa Gari ya Moshi

Mumbere alikuwa mwalimu wa hesabu, na hesabu iliyomshinda ilikuwa ya umri wake mwenyewe. Msicheke kwanza. Hata ninyi mnaojiona mabingwa, siku mliyozaliwa hamkuwa na kalenda mkononi. Mliambiwa mwaka, mkaitika, yakaisha.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye gari ya moshi. Si ile ya kweli, maana Bunia, mji wetu, haijawahi kuona reli, na anayetaka kusikia treni ikilia aende zake Mungbere. Hii ilikuwa ya kuchezea, ya bati: kichwa cha kijani kinachokazwa kwa ufunguo ubavuni, vagoni tatu nyekundu, na vipande vya reli ambavyo ukiviunganisha vinafanya duara la kuzunguka sufuria kubwa ya bugali. Vyote vililala ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda cha Mumbere. Mama yake, Mama Kanyere, alimsimulia habari ya gari hiyo tangu akiwa mdogo, na haikubadilika hata neno moja. Baba yake Isidore aliinunua Irumu, kwenye duka la Mgiriki, juma lile Mumbere alipozaliwa, mwaka 1955. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1956, lori la Isidore likapinduka kwenye njia ya Komanda, naye akafia palepale.

Mumbere hakuwa na kumbukumbu yoyote ya baba huyo. Alikuwa na gari ile tu, na picha moja ya studio: Mama Kanyere amekaa kwenye kiti, mtoto yuko mapajani, na mtoto amekamata kichwa cha gari kwa mikono miwili anataka kukitia mdomoni. Utotoni, wenzake walipomtania kwamba yeye aliokotwa, hakupigana. Aliingia ndani, akatoa bati la biskuti, akalifungua mbele yao. Nani kati yao baba yake alimwachia treni? Wote wakaomba kushika, naye akawakatalia.

Sasa tufike 1984. Mumbere alikuwa ameoa, na mke wake Adeline, baada ya miaka mitano ya kungoja na maneno ya watu, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumbere akataka gari itembee tena, maana springi yake ilikatika zamani, ili mtoto akizaliwa akute zawadi ya babu yake inalia. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya nyumba. Huzuni ya nyumba ilikuwa Muzee Rémy.

Rémy alikuwa mdogo wake Isidore, yaani baba mudogo wa Mumbere. Kwenye karatasi za serikali jina la kizungu kama Rémy lilikuwa limekatazwa miaka kumi na zaidi, lakini hakuna aliyemwita vingine. Zamani alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa, na mzungu huyo aliwahi kumchukua hadi Bulaya kwa miezi kadhaa. Wengine wakienda Bulaya wanarudi na hadithi za kutosha maisha mazima. Rémy alirudi na koti na kimya. Alioa mwanamke aitwaye Kahindo, wakakaa miaka sita bila mtoto, mama wa watu akarudi kwao Butembo. Rémy ndiye aliyemsomesha Mumbere, ndiye aliyemfundisha baiskeli, akikimbia nyuma yake na kushika kiti bila kusema lolote. Sasa alilala kwake, mtaa wa Mudzipela, tumbo limevimba, hospitali imemrudisha nyumbani. Kila alasiri, masomo yakiisha, Mumbere alimpelekea uji.

Na kila alasiri aliwakuta wanawake wa ukoo kwenye baraza wakinong'ona habari ya kaa. Kwa watu wa ukoo wao, mwanaume akifa bila mtoto hazikwi kama wengine. Mkubwa wa ukoo anachukua kipande cha kaa, moto uliozimika, anakitia katika mkono wa kuume wa maiti, kwa sababu ni mkono mtupu, haukuacha mtu. Kisha maiti inatolewa kwa mlango wa nyuma, na jina lake hapewi mtoto yeyote. Mapadri walikataza hayo mpaka wakachoka kukataza. Mkubwa wa ukoo wakati huo alikuwa Muzee Katsuva, na watu walisema ameshaanza kuangalia jiko kwa jicho la kuchagua. Mumbere ilimuuma kusikia hayo, ilimuuma sana, lakini angefanya nini? Yeye ni mtoto wa Isidore. Mtoto wa ndugu ni mtoto, lakini mbele ya kaa hahesabiwi.

Jumatatu moja alikipeleka kichwa cha gari kwa Assani, fundi wa saa mwenye meza yake karibu na soko. Assani alikuwa mtu wa mdomo mwingi na mkono mtulivu. Aliweka lenzi yake jichoni, akafungua skrubu nne ndogo, akasema springi imekatika mwishoni tu, ataikunja upya na itafanya kazi. Halafu akakilaza kichwa chali, akaanza kusugua kutu ya tumboni kwa mswaki na mafuta ya taa. Kutu ikatoka, na chini yake ikajitokeza alama ambayo Mumbere hakuwahi kuiona: mipira tisa iliyoshikanishwa kwa vijiti.

Assani akaacha kusugua. Alifungua droo, akapekua, akatoa briketi ya kuwashia sigara, ya zamani, ambayo mwenyewe alikufa kabla ya kuirudia. Ubavuni mwake palikuwa na mipira ileile tisa, na chini yake namba safi kabisa: 1958.

"Mwalimu, hii kitu yako haikutoka Irumu," akasema. "Ni ya ile maonyesho kubwa ya Bruxelles, kule Bulaya, cinquante-huit. Ile nyumba ya mipira waliijenga kwa ajili yake. Kabla ya pale haikukuwako."

Mumbere akamwambia amekosea, gari hii ni ya 1955, baba yake aliinunua kwa mkono wake. Assani hakubishana naye. Alirudisha skrubu moja moja, akamwambia kwamba saa inaweza kumdanganya mtu, hiyo anaijua vizuri kwa maana ndiyo inayomlisha, lakini chuma hakina sababu ya kudanganya.

Kesho yake Mumbere aliingia ofisi ya prefe, mkuu wa shule, na kuomba kamusi kubwa ya Kifaransa, ile yenye picha. Alitafuta nusu saa. Akaiona: nyumba ya mipira tisa, Bruxelles, imejengwa 1958 kwa maonyesho ya dunia. Akafunga kamusi, akaifungua tena, kana kwamba mara ya pili mwaka ungeona haya na kurudi nyuma. Haukurudi. Siku hiyo darasani aliandika ubaoni 1958 kutoa 1956, wanafunzi wakasema mbili, naye akawaambia hapana. Wakaangaliana. Akafuta ubao, akawapa zoezi lingine.

Mtu aliyekufa 1956 hawezi kununua kitu cha 1958. Hata mwalimu wa hesabu aliyechanganyikiwa anaweza kufika hapo. Lakini kutoka hapo kwenda wapi? Alimkumbuka baba mudogo na safari yake ya Bulaya, akajiambia basi, ni yeye aliyeileta, na mama amechanganya mambo. Haikuwa neno kubwa. Mbona basi miguu inampeleka kwa mama yake?

Mama Kanyere alikuwa nyuma ya nyumba, anachambua maharagi kwenye lungo. Mumbere akamweleza habari ya mipira tisa. Mama akasikiliza bila kuinua uso, akatupa jiwe dogo pembeni, akasema labda ni Rémy kweli, yeye mama amezeeka, mambo mengine yanampotea. Alisema hivyo kwa upole mno. Mumbere akahisi amenyang'anywa kitu palepale mchana kweupe. Miaka yote ile alikuwa anafungua bati la biskuti mbele ya watoto wa kartié, wenzake wa mtaani, kwa jina la Isidore, kumbe Isidore hakuigusa hata siku moja!

Akaenda kuitafuta picha. Alitaka tu kuona kama kichwa cha gari kwenye picha ni hiki hiki, labda zilikuwa gari mbili. Ilikuwa moja, ile ile, hata mkwaruzo wa mbele ulionekana. Ndipo macho yake yakapanda juu kidogo, kwenye mdomo wa mtoto. Mdomo ulikuwa wazi. Ndani yake hapakuwa na jino hata moja.

Akakaa kitandani. Kama gari ni ya 1958, na mtoto ameshika gari, basi picha si ya kabla ya 1958. Na yeye Mumbere, mzaliwa wa 1955, angekuwa na miaka mitatu. Mtoto wa miaka mitatu ana meno ya kutafuna muwa! Akamwita Adeline, akamuuliza meno ya mtoto yanaota kwa miezi mingapi. Adeline akashika tumbo lake, akasema sita, saba, wengine wanachelewa, lakini mbona anaharakisha, huyu wao hata kuzaliwa bado. Mumbere akasema anauliza tu.

Kwa siku tatu kichwa chake hakikutulia. Labda mtoto wa pichani si yeye, ni mdogo wake aliyekufa asiambiwe, na mama anaficha uchungu. Labda yeye ndiye aliyeokotwa, kama watoto wenzake walivyosema, wakati wa vurugu za 1964, na huyu wa mapajani ndiye Mumbere wa kweli. Alisimama mbele ya kioo cha kunyolea akilinganisha masikio yake na ya mtoto wa pichani. Yalifanana. Hiyo nayo haikumfariji. Alitia chumvi kwenye chai na hakuona tofauti. Hata uji wa Muzee Rémy alikuwa akiuweka kitandani na kutoka haraka, anaogopa kumtazama bila kujua anaogopa nini.

Siku ya nne alirudi kwa mama yake na picha mkononi.

"Mama," akasema, "mutoto wa miaka mitatu anakosa meno yote?"

Mama Kanyere aliichukua picha. Aliitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama picha anayoijua. Lungo likateleza mapajani, maharagi yakamwagika uwanjani, na hakuna aliyeinama kuyaokota. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini njia ya huyu mama ilikuwa imekwenda miaka ishirini na sita bila kukatika, na sasa alionekana amechoka kuitembea.

"Muulize mwenye kuleta gari," akasema. "Miye niliapa mbele ya Muzee Katsuva. Kiapo yangu sijaitoa."

Mumbere akapita kwa Assani, akachukua kichwa cha gari, akapanda baiskeli mpaka Mudzipela. Hakubeba uji. Baba mudogo alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, mikono yake juu ya blanketi, mikubwa, imekonda, na haina kazi. Mumbere hakujua aanzie wapi, basi akakaza ufunguo. Magurudumu yakazunguka hewani, yakalia ule mlio wao mwembamba ambao nyumba zao zilikuwa hazijausikia miaka mingi. Uso wa mgonjwa ukafunguka kama wa kijana.

Akasema mlio ndio uleule aliousikia dukani. Halafu, kwa sababu alikuwa mtu wa kimya na kimya chake kilikuwa kimebakiza siku chache, akaeleza yote, polepole, akipumzika katikati.

Isidore alikufa hana mtoto. Miaka miwili ya ndoa, hakuna kitu. Muzee Katsuva alimtia kaa mkononi, na Rémy alikuwa amesimama pale, ndiye aliyekunja vidole vya kaka yake juu ya lile kaa. Tangu siku hiyo hakulala. Wazee wakakaa, wakasema njia ipo, ya tangu zamani: ndugu aingie katika nyumba ya mjane, asimamishe nyumba, na mtoto atakayezaliwa ni wa marehemu, si wa mwingine, na kaa la marehemu litahesabiwa limeondolewa. Rémy akakubali. Mimba ilipokuwa kubwa, mzungu wake akamchukua Bulaya. Alirudi mwisho wa 1958, akamkuta mtoto wa miezi mitano, hana jino, anacheka na kila mtu. Padri asingeandika jina la Isidore kwa mtoto aliyezaliwa miaka miwili baada ya mazishi yake, basi miaka ikasogezwa nyuma, na karatasi za kwanza zilipoungua kwenye vurugu, Mama Kanyere akaandikisha upya mwaka wa kuzaliwa 1955, na hakuna aliyeuliza. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Gari aliinunua Bruxelles kwa mshahara wake. Lakini aliitoa kwa jina la Isidore, kwa sababu, alisema, mtoto lazima awe na kitu kimoja kutoka kwa baba yake.

Mumbere alisikiliza akiwa ameshika kichwa cha gari mpaka kikapata joto la mkono wake. Hakujua acheke au alie. Alikuwa na miaka ishirini na sita, si ishirini na tisa. Hilo lilipita kichwani kwanza, jambo la kipuuzi kabisa. Halafu likaja lingine zito: baiskeli, karo ya shule, mkono ulioshika kiti kwa nyuma. Akasema ataenda kwa Muzee Katsuva leo hii. Atasema mbele ya ukoo wote huyu ni baba yangu, na kaa walitupe.

Rémy akamshika mkono. Hakuwa na nguvu, lakini alishika.

"Ukinichukua miye, Isidore atabakia na nani?"

"Na weye, baba? Weye utabakia na nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila neno mudogo nyuma yake. Mgonjwa akageuza uso ukutani kidogo. Halafu akaomba gari ikazwe tena, Mumbere akaikaza, na wakaisikiliza mpaka ikaisha.

Muzee Rémy alikufa siku nane baadaye, asubuhi. Siku nane hizo Mumbere alizipitisha akitembea ndani ya uwanja wa parsela yake kama mtu aliyepoteza funguo. Akisema, anamzika Isidore mara ya pili, tena na kaa lake limerudi mkononi, na kazi yote ya Rémy inakuwa bure. Akinyamaza, anamwacha baba yake aondoke kama mti usiozaa. Alijaribu kuigawa hesabu hiyo kila namna, na kila mara ilibaki moja. Alikasirika na wazee, akakasirika na mama yake, akakasirika na Assani maskini na mswaki wake. Angeacha kutu mahali pake, ingemdhuru nani?

Nyumba ya Mudzipela ilijaa watu. Wanaume waliosha maiti, wakaivika lile koti la Bulaya, wakailaza katika jeneza chumbani. Mlango wa nyuma ulikuwa umeshafunguliwa tangu asubuhi, na mtu ameondoa kuni zilizokuwa zimeuziba. Muzee Katsuva, na fimbo yake na miaka yake themanini, alitoka kwenda jikoni.

Mumbere alibaki peke yake na maiti kwa muda wa kusema Baba Yetu mara mbili. Hakuwa amepanga lolote, mniamini. Mkono wake uliingia tu mfukoni mwa koti lake mwenyewe, na gari ilikuwa mle, kwa kuwa alikuwa akitembea nayo tangu siku ile. Akaukunjua mkono wa kuume wa Rémy. Akakiweka kichwa cha gari ndani yake, akakunja vidole juu yake kimoja kimoja, kama vile Rémy mwenyewe alivyokunja vya kaka yake. Halafu akasogea ukutani.

Muzee Katsuva akarudi na kaa lake limefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Wazee wengine wakaingia nyuma yake, na Mama Kanyere akasimama mlangoni na kitenge chake kichwani. Mzee akainama, akatafuta mkono, akakuta rangi ya kijani inatokeza katikati ya vidole.

Akauliza hii ni nini.

"Ni yake," akasema Mumbere. "Aliitoa Bulaya. Alinipatiaka nikiwa bado sina meno."

Jina la Isidore halikutajwa, wala la mtu mwingine. Vijana walioshika kamba za kushushia jeneza hawakuelewa, wakadhani mwalimu ameshikwa na huzuni, na hiyo ilikuwa kweli pia. Lakini Muzee Katsuva alielewa. Alikuwako 1957, kiapo cha Mama Kanyere kiliapishwa na mdomo wake huu huu. Aliitazama gari, akamtazama Mumbere, akamtazama mama aliyesimama mlangoni, na mama huyo hakushusha macho. Mzee akagusa vidole vya maiti kidogo, kama anayejaribu kama vitafunguka. Vilikuwa vimeanza kukakamaa. Au labda hakujaribu kwa nguvu. Mpaka leo watu wa Mudzipela hawajakubaliana juu ya hilo.

"Kaa ni ya mukono mutupu," akasema mwishowe. "Hii ya Rémy imejaa."

Akaliviringisha kaa ndani ya jani lake, akalitia mfukoni. Mama Kanyere akaanza kulia, kwa sauti, kama mjane anavyolia, na hakuna mwanamke aliyemuuliza kwa nini analia zaidi ya ndugu wa marehemu.

Muzee Katsuva akawaambia vijana wageuze jeneza. Mmoja akaenda kufunga mlango wa nyuma na kurudisha kuni mahali pake. Rémy akatolewa kwa mlango wa mbele, na Mumbere ndiye aliyetangulia.